Gitaa Kavu la Mwenda wa Bayeke

Onyesho la mwimbaji mmoja mwenye gitaa kavu halidai vitu vingi. Kiti kisicho na mikono, gitaa la nyuzi sita, mtu wa kugonga chupa akipatikana, na wasikilizaji waliokaa karibu kiasi cha kusikia ukucha ukikwaruza uzi. Katika ukanda wa shaba wa Katanga, kuanzia Lubumbashi kupitia Likasi hadi Kolwezi, muziki wa namna hii ulishika mizizi katika miaka ya 1940 na 1950. Bingwa wake anayejulikana kuliko wote ni Mwenda Jean Bosco, ambaye baadaye aliitwa Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930, na kwao ni Bunkeya, mji wa Bayeke ambao leo umo katika jimbo la Lualaba. Kwa karibu miaka 40 alipiga gitaa lake barabarani, redioni, katika tamasha la Marekani na katika kumbi ndogo za Ulaya, na nyimbo alizotunga mwenyewe ndizo zilizompeleka huko kote. Zilitungwa kwa ajili ya sikio lililo karibu, na bila kulijua hilo ni vigumu kuelewa kwa nini mtu aliyejaa sifa namna ile alifaa zaidi mbele ya watu mia kuliko mbele ya watu elfu kumi.

Lualaba ilikuwa na desturi ya muziki wa karibu kabla gitaa halijafika. Musumba, katika wilaya ya Kapanga, ni makao ya Mwaant Yaav, mfalme wa Walunda. Zamani kila mfalme mpya alijenga musumba wake mahali papya, na jina likahama pamoja naye. Huko sauti ziligawanywa kwa umbali wake. Ngoma za gogo lililochimbuliwa ndani zilikuwa za mbali: zilipeleka habari kutoka uwanja wa mfalme hadi vijijini. Likembe, ambayo Wachokwe huiita chisanji, ilikuwa ya karibu. Ni vibao vyembamba vya chuma vilivyopangwa juu ya kipande cha mbao, na mpigaji huvibinya na kuviachia kwa vidole gumba viwili. Sauti yake hufika hatua chache tu. Msafiri aliipiga njiani kujiliwaza, mzee aliipiga jioni mlangoni pake, na aliyetaka kusikia ilimbidi asogee.

Gitaa lilipofika, vidole vilikuwa vimekwisha kuijua kazi. Mpigaji wa likembe amezoea kuendesha mistari miwili inayopishana, mmoja kwa kila kidole gumba. Mpigaji wa gitaa wa Katanga alifanya vivyo hivyo kwa gumba na kidole cha shahada. Watafiti wa muziki wa Kongo wameuona udugu huo tangu zamani, na msikilizaji yeyote atakayesikia ala hizi mbili jioni moja atauona mwenyewe bila kufundishwa.

Bunkeya ina historia yake pia, nayo inahusu lugha ya nyimbo. Mji huo ulikuwa makao ya Msiri, mtawala wa Garanganze, aliyetoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa, katika Tanzania ya leo, akifuata biashara ya shaba na pembe. Watu wake ndio walioitwa Bayeke. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Leopold II wa Ubelgiji, lakini watu wake walibaki, na jina la Mwenda likabaki katika ukoo wake. Misafara ya biashara ndiyo iliyotangulia kuleta Kiswahili katika nchi hiyo. Kwa hiyo Mwenda Jean Bosco alipoimba Kiswahili hakuwa akiimba lugha ya kigeni. Kilikuwa Kiswahili cha Katanga, chenye lafudhi na maneno yake, na ndicho kilichomfanya aeleweke Kolwezi, Nairobi na Tabora bila mkalimani.

Kiswahili hicho kilikuzwa na migodi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili utaratibu wake: badala ya kuchukua vijana kwa mkataba mfupi na kuwarudisha makwao, ilianza kuwaweka kambini pamoja na wake na watoto. Kambi zikawa miji. Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937. Watu wa makabila mengi waliishi katika mstari mmoja wa nyumba, wakala bukari ya unga mmoja, na lugha yao ya pamoja ikawa Kiswahili.

Katika nyumba hizo gitaa lilipata makao. Lilikuja kwa reli na kwa maduka, mengi yakitoka Afrika Kusini, na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wa mtu mwenye mshahara. Lilibebeka. Halikuhitaji umeme, ambao wengi hawakuwa nao. Uzi ukikatika, palitafutwa uzi wa waya ya breki ya baiskeli. Kupandisha sauti, penseli ilifungwa kwa kamba au mpira shingoni mwa gitaa ikibana nyuzi zote sita. Baada ya zamu ya mgodi, jirani alitoa kigoda nje, mwingine akaleta kinywaji cha munkoyo, na onyesho likaanza. Hapakuwa na tiketi wala jukwaa. Aliyekuwa na wimbo mpya aliuimba, na kama haukuwa na maana wenzake walimwambia papo hapo.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa na makao yake Afrika Kusini na aliyetumia maisha yake kurekodi muziki wa Afrika, alipita Katanga na gari lake la mitambo. Huko Jadotville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Likasi, alikutana na kijana wa miaka 22 aliyekuwa akipiga gitaa barabarani. Kijana huyo alikuwa Mwenda. Miongoni mwa nyimbo zilizorekodiwa ni “Masanga” na “Bombalaka”. “Masanga” ilipata tuzo ya Osborn ya mwaka huo, iliyotolewa kwa rekodi bora za muziki wa Kiafrika, na santuri yake ikaenea kutoka Afrika Kusini hadi Afrika Mashariki.

Namna Tracey alivyorekodi inastahili kuangaliwa. Hakupenda kuusimika mkono wa maikrofoni mbele ya watu na kuondoka. Aliishika maikrofoni mwenyewe, akaisogeza hadi karibu kabisa na ala, akaipeleka mdomoni mwa mwimbaji neno lilipoanza, akairudisha kwenye nyuzi neno lilipokwisha. Kwa maneno mengine, alifanya kile ambacho kila jirani wa kambini alikifanya kwa sikio lake. Ndiyo sababu “Masanga” ya 1952, iliyorekodiwa kwa mtambo wa kale, bado inasikika kama mtu aliyekaa umbali wa mkono mmoja. Gitaa linaanza peke yake. Linazunguka mara kadhaa, kila mzunguko ukiwa na kitu kidogo kilichobadilika, kisha sauti inaingia bila kupanda, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokuwa yamekwisha kuanza.

Ufundi wenyewe uko katika vidole viwili. Gumba hutembea juu ya nyuzi nene za besi, likihama kutoka uzi hadi uzi, na mwendo wake ndio mguu wa wimbo. Kidole cha shahada hucheza juu ya nyuzi nyembamba, na kazi yake si kufuata gumba. Kinaingia katikati ya hatua zake, kinachelewa kidogo, kinatangulia kidogo, hata msikilizaji hudhani kuna wapigaji wawili. Mkono wa kushoto hauhangaiki. Mara nyingi hubaki mahali pamoja shingoni, vidole vikiinuka na kukanyaga kwa nafasi ndogo sana. David Rycroft, mtaalamu wa muziki aliyefundisha London, alizichukua santuri hizo akaziandika noti kwa noti, na uchambuzi wake ukatoka katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Neno alilolichagua kwa kichwa cha makala yake lilihusu ubunifu wa papo kwa papo. Mwenda hakuwa akirudia kipande alichokariri. Alikuwa na kiini kidogo, na kutoka humo alitoa kitu kipya kila alipozunguka.

Mabadiliko ya namna hiyo ni madogo mno. Noti moja imeachwa, nyingine imerudiwa, besi imeruka hatua moja. Ngoma kubwa zingeyafunika yote. Tarumbeta zingeyafunika. Hata kelele ya watu wanaocheza ingeyafunika. Mwenda aliweka thamani yake mahali ambapo asiyesogea hawezi kuiona, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya muziki wake na muziki wa dansi wa mji mkuu, Léopoldville, uliokuwa ukipanda wakati huohuo. Muziki wa dansi uliwaita watu wainuke. Huu uliwakalisha.

Chupa ilikuwa na nafasi yake. Msaidizi alikaa kando na kuigonga kwa kitu cha chuma, pigo moja moja lisilobadilika, jembamba na kali. Pigo hilo lilimpa mpigaji gitaa uhuru: kwa kuwa mtu mwingine ameshika saa, vidole vyake viliweza kwenda huku na huku bila wimbo kupotea njia. Wapo wanaoiona chupa kama dalili ya umaskini wa ala. Si kweli. Hakuna ngoma iliyoweza kulinda mwendo huo bila kulifunika gitaa, na chupa iliweza.

Maneno ya nyimbo yalitungwa kwa njia ileile ya karibu. Nyingi zilihusu nyumba na mtaa: mapenzi, ndoa, mama na mwanawe, rafiki aliyegeuka, fedha zilizokwisha kabla ya mwisho wa mwezi, shauri la mkubwa kwa mdogo. Mwimbaji alijitaja jina lake ndani ya wimbo na akawataja watu wa kwao, na waliokuwa pale walijua nani anasemwa. Mpangilio wa beti haukuwa wa lazima. Ubeti ungeweza kurushwa mbele, kurudiwa au kuachwa, kutegemea nyuso zilizokuwa mbele yake. Kwa hiyo kila onyesho lilikuwa na umbo lake. Santuri ya dakika tatu iliyachukua maneno ya siku moja tu na kuyafanya yaonekane kama ndiyo wimbo mzima.

Mwenda hakuwa peke yake. Losta Abelo alikuwa bingwa wa kizazi hicho, na Edouard Masengo, aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa na sauti nyororo zaidi na mvuto mkubwa jukwaani. Masengo alipitia JECOKE, kikundi cha vijana wa mtaa wa Kenya mjini Lubumbashi, kilichochanganya nyimbo, dansi na vichekesho. Mtaa huo ndio uliolea pia maigizo ya Kiswahili, na kikundi cha Mufwankolo, ambacho mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1990, kilitoka katika desturi hiyohiyo. Gitaa kavu na maigizo ya kambini vilikuwa ndugu. Vyote viwili viliishi kwa neno linalosikika na uso unaoonekana.

Afrika Mashariki iliwapokea kwa mikono miwili. Peter Colmore, mfanyabiashara wa burudani wa Nairobi, alimpeleka Masengo huko, na sauti yake ikatumika katika matangazo ya Coca-Cola. Mwenda alifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, akatangaza dawa ya Aspro na kuwa na kipindi chake redioni. Redio, ajabu yake, haikuharibu ukaribu wa muziki huu. Ilimpeleka mwimbaji chumbani kwa mtu, usiku, taa ikiwa imepunguzwa, na vijana wa Kenya wakakaa karibu na sanduku hilo wakitafuta vidole vyake vilikuwa wapi. Magharibi ya Kenya ulikua mtindo wa omutibo, wa vidole viwili na chupa ya soda, na George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa mmoja wa mabingwa wake. Mpaka leo mpiga gitaa kavu wa Kenya anayejua kazi yake anaijua “Masanga”, au walau anajua kwamba anapaswa kuijua.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1956 Elisabethville ilikuwa na jumba jipya la maonyesho, kazi ya kundi la wasanifu lililoongozwa na Claude Strebelle, na hadi leo ni moja ya majengo mazuri ya mji. Lilijengwa katika mji wa Wazungu. Mwafrika hakuruhusiwa kutembea humo usiku bila kibali, na maonyesho hufanyika usiku. Kwa hiyo mtu ambaye santuri zake zilikuwa zikisikilizwa Johannesburg na Nairobi alikuwa na jumba la muziki katika jimbo lake, nalo halikuwa lake. Baada ya uhuru jumba hilo likawa makao ya bunge la jimbo, na wakazi wa Lubumbashi wanalijua kama Jengo la 30 Juni. Muziki wa gitaa kavu ulikuwa umekwisha kujifunza kuishi bila jukwaa.

Ulijifunza pia kuishi bila kampuni. Katika enzi hizo mwanamuziki wa Kiafrika mara nyingi alilipwa mara moja kwa kurekodi, na mauzo ya santuri yaliyofuata hayakumrudishia kitu. Mwenda hakutegemea fedha hizo. Kwa nyakati mbalimbali alifanya kazi ya serikali, kazi ya benki, kazi katika kampuni ya madini ya Gécamines, aliongoza bendi zake na kumiliki hoteli. Hakuwa na tajiri wa muziki wa kumwambia apige nini. Kujitegemea huko kulikuwa na gharama yake, kwa maana miaka mingi ilipita bila rekodi mpya ya gitaa lake, lakini kulimlinda. Hakulazimika kuugeuza muziki wake ufanane na ule uliokuwa ukiuzwa.

Mwaka 1969 alialikwa katika tamasha la Newport, jimbo la Rhode Island, Marekani, lililokuwa mkutano mkubwa wa waimbaji wa gitaa na nyimbo za watu. Kufikia wakati huo gitaa la umeme lilikuwa limeshinda nchini Kongo. Mabaa ya Lubumbashi na Kolwezi yalitaka bendi ya watu kumi, spika na wachezaji. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo chini ya siasa ya uhalisi wa Kizaire. Katanga ilikuwa tayari imegeuzwa Shaba, na Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Jina hilo lilimrudisha Bunkeya, naye aliendelea kulitumia.

Kurudi kwake mbele ya wasikilizaji wa mbali kulianzia kwa mtu mmoja aliyekuja kubisha hodi. Mwaka 1979 John Low, mpiga gitaa kutoka Uingereza aliyekuwa amezisikia santuri za zamani, alisafiri hadi Shaba kuwatafuta wazee wa gitaa kavu. Aliwakuta hai. Alikaa na Mwenda, Masengo na Losta Abelo, akajifunza vidole kwa vidole, na mwaka 1982 maelezo ya safari hiyo yakachapishwa Vienna kwa jina la Shaba Diary. Mtaalamu Gerhard Kubik wa Austria, aliyekuwa amezunguka Afrika na kamera kwa miaka mingi, alimpiga Mwenda picha za filamu, na mwaka huohuo wa 1982 mzee huyo alikuwa Ulaya akipiga mbele ya hadhara ndogo. Filamu za Kubik zina faida kubwa kwa mwanafunzi, kwa sababu kamera inakaa pale ambapo jirani wa kambini angekaa, na vidole vinaonekana.

Hapo ndipo onyesho la ukumbini, kwa maana yake kamili, lilipoingia katika maisha ya muziki huu. Mwimbaji aliyekwisha kupita miaka 50, peke yake, mbele ya safu chache za viti. Ukumbi mdogo una kanuni zake, na kanuni hizo karibu zote zinalifaa gitaa kavu. Mbao za ukutani hurudisha sauti bila kuivuruga. Maikrofoni moja kwa mdomo na nyingine mbele ya tundu la gitaa hutosha, na fundi mwenye busara huziweka chini kiasi kwamba sauti inaonekana kutoka kwenye gitaa lenyewe, si kwenye spika. Taa hupunguzwa kwa wasikilizaji na kubaki kwa mpigaji. Hakuna anayekunywa, hakuna anayepita. Yale mabadiliko madogo ya kidole cha shahada, ambayo kwa miaka 20 yalifunikwa na magitaa ya umeme, yakasikika tena hadi safu ya nyuma.

Lakini ukumbi uliondoa kitu pia, na ni haki kulisema hilo. Kimya cha Ulaya ni heshima kubwa, ila ni kimya. Kambini mwimbaji alijibiwa. Mtu aliguna ubeti ulipomgusa, mwingine alidakia kiitikio, chupa iligongwa na mtu anayemjua. Wimbo ulioundwa kwa kusubiri jibu ulipoimbwa mbele ya watu wasioelewa Kiswahili, gitaa lililazimika kubeba mzigo ambao zamani ulibebwa na maneno. Wasikilizaji walirudi makwao wakiwa wameshangazwa na vidole, wengi wao bila kujua kwamba walikuwa wamepewa pia ushauri juu ya ndoa na urafiki. Onyesho kamili la Mwenda lilihitaji vyote viwili: utulivu wa ukumbi na masikio ya Likasi. Kwa bahati mbaya, vitu hivyo viwili havikukutanishwa mara nyingi wakati wa uhai wake.

Mwaka 1988 alirekodi studio mjini Cape Town, Afrika Kusini, na katika rekodi hizo zimo nyimbo zake za zamani pamoja na “Masanga” yenyewe. Kuzisikiliza rekodi za 1952 na 1988 moja baada ya nyingine ni somo. Sauti ya kijana ni nyepesi na ina haraka kidogo. Ya mzee ni nzito na haina mahali pa kuwahi. Gumba limekuwa na uzito. Kidole cha shahada hakijaacha ubishi wake. Kinachoonekana wazi ni kwamba miaka 36 haikuigeuza “Masanga” kuwa kumbukumbu ya makavazi. Mwenyewe alikuwa bado anaitunga. Mwenda wa Bayeke alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari.

Nyuzi za besi za gitaa kavu, zile zinazotembelewa na gumba, ni chuma kilichozungushiwa shaba nyeusi, na sehemu kubwa ya mchanganyiko huo, asilimia 80 hadi zaidi ya 90, ni shaba. Ukanda uliotoa madini hayo umeendelea kupanuka. Jimbo la Lualaba liliundwa mwaka 2015, Kolwezi ikawa mji wake mkuu, na pamoja na shaba sasa kuna kobalti, ambayo Kongo huizalisha kwa zaidi ya theluthi mbili ya ile yote inayochimbwa duniani. Malori hupita usiku na mchana. Mji kama huo una kelele nyingi na sehemu chache za kukaa na kusikiliza mtu mmoja.

Hata hivyo desturi haijafa. Lubumbashi ina karindula, muziki wa ala kubwa iliyotengenezwa kwa pipa na ngozi ya mbuzi, ambao mwaka 2011 ulitolewa kwenye albamu iliyosikika hadi Ulaya. Karindula ni ya uwanjani na ya vumbi, lakini simulizi zake ndefu za Kiswahili juu ya maisha ya mtaa ni za ukoo mmoja na gitaa la Mwenda. Kwenye ukumbi wa Halle de l’Étoile, katikati ya Lubumbashi, kuna jukwaa la ukubwa unaofaa. Na katika nyumba za zamani za wafanyakazi, Likasi, Fungurume na Kolwezi, wapo bado wazee waliojifunza gitaa kwa kusogea karibu na aliyelijua.

Tepu za Hugh Tracey, pamoja na zile za 1952, zimehifadhiwa katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM, kwenye chuo kikuu cha Rhodes mjini Makhanda, Afrika Kusini. Maktaba hiyo imekwisha kurudisha nakala za rekodi nyingine kwa jamii zilizorekodiwa, Kenya ikiwa mojawapo. Bunkeya inastahili kupata zake, na shule za muziki za Lubumbashi na Kolwezi pia, kwa ombi la jimbo lenyewe. Lakini rekodi za zamani hazitatosha. Mwenye babu au mjomba anayepiga gitaa kavu kwa vidole viwili, katika nyumba yoyote ya ukanda huu, na akae karibu naye wiki hii na simu mkononi, amrekodi nyimbo zake hadi mwisho, na aandike maneno yake pamoja na majina ya watu waliotajwa ndani yake, mzee akiwa bado yupo wa kumweleza walikuwa akina nani.